Moshi wa Luhende

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, Bibi Kokulinda alifika kwenye mlango wa jiko la Teodora akiwa na vigae viwili vya chungu, kama alivyofika kila asubuhi kwa miaka tisa. Kigae kimoja cha kubebea makaa ya moto, kingine cha kufunikia. Kiberiti anacho, kiko juu ya kabati lake, amekifunga kwenye nailoni, lakini hicho ni cha siku ambayo jirani hayupo.

"Hodi, mama Odeta."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Moto wako umeamka?"

"Umeamka zamani. Na mimi sijalala."

Hiyo ilikuwa kweli. Tangu kiangazi kianze Teodora alikuwa akilala nusu nusu, ndoo ya maji mlangoni, sikio moja likisikiliza majani ya paa. Alichagua makaa matatu, akayapanga kwenye kigae, akayamwagia majivu, akafunika. Kisha akatangulia yeye nje kabla bibi hajatoka, akatazama juu. Moshi wake mdogo, ule uliokaa juu ya kichwa chake tangu mwezi wa sita, ulikuwa umesimama wima kama mchi. Upepo wa ziwani ulikuwa bado umelala.

"Nenda sasa hivi bibi. Usisimame njiani kusalimia watu."

"Nisisalimie watu! Waitu, unataka waseme Mhaya ana maringo?"

"Wasalimie ukiwa umeshafika."

Bibi Kokulinda akaenda zake, akapita kwenye migomba yake, akafika jikoni kwake, akawasha moto, akachemsha chai. Makaa yakaisha kazi yao hapo. Lifahamike mapema, maana baadaye yatasemwa mengi juu ya makaa hayo matatu.

Habari ya moshi ilianza hivi.

Mwasengela ni kijiji cha pamba na mpunga kidogo, kati ya Kisesa na Magu, upande wa ziwa. Mwaka huo wa tisini na sita mvua zilikatika mapema, na kufika Juni nyasi zilikuwa zinalia zikikanyagwa. Siku ya kwanza ya mwezi huo karatasi mbili zilibandikwa kwenye mlango wa ghala la chama cha ushirika, ambalo tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe halikuwa na kitu ndani ila popo na mizani mbovu.

Karatasi ya kwanza ilisema ni marufuku kuchoma moto nje ya jiko, iwe takataka, majani, shamba au mbuga, kuanzia siku hiyo mpaka mvua zinyeshe. Ya pili ilisema kila mkulima ang'oe na kuchoma miti yake yote ya pamba kabla ya tarehe kumi na tano Septemba, ili wadudu wasipate pa kusubiri msimu ujao, na atakayekaidi atachukuliwa hatua. Aliyebandika ya pili aliibandika juu kidogo ya ile ya kwanza, ikafunika mstari wake wa mwisho.

Teodora alimaliza darasa la saba, na ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake mambo ya mlangoni. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akafikiri. Akaona kwamba karatasi iliyobandikwa juu ndiyo mpya, na mpya ndiyo inayofuta ya zamani, maana hata ofisini ndivyo wanavyofanya.

"Kuchoma kumeruhusiwa," akawatangazia. "Tena mwisho ni tarehe kumi na tano."

Akarudi nyumbani, akafagia uwanja, akakusanya takataka nyuma ya jiko, akazichoma saa sita mchana ili awe mfano. Moshi ukapanda mpaka usawa wa paa, ukasimama. Teodora akachukua ndoo akaenda kisimani, moshi ukamfuata. Aliporudi, ukarudi naye. Haukuwa mkubwa, ungeweza kusema ni kuku aliyekaa hewani, lakini haukuondoka siku hiyo wala wiki hiyo.

Jumamosi mumewe Mayala alikuja kutoka Mwanza, alikokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Akaegemeza baiskeli, akamtazama mkewe, akatazama juu.

"Umechoma nini?"

"Takataka."

"Karatasi hukuisoma?"

"Niliisoma. Nilisoma zote mbili."

"Basi usiingie nao chumbani, tafadhali," akasema Mayala, akaomba maji ya kuoga.

Mwezi ulipokwisha watu kumi na mmoja walikuwa na moshi. Mzee mmoja aliyechoma majani ili kufukuza panya alipata moshi wenye harufu ya nyama, na mbwa wa kijiji wakawa wanamfuata mpaka chooni. Mama mwingine alichoma kingo za mpunga wake, na kanisani kwaya ikamwomba ahamie dirishani. Padri alipokuja alisema tu kwamba wenye moshi wapokee komunyo mwisho. Moshi wa jikoni haukuwa na shida, huo ulitoka na kwenda zake kama siku zote. Ni moto wa nje tu, ule uliowashwa bila utaratibu, ambao moshi wake ulikaa na mwenyewe.

Teodora hakuona aibu kwa sababu ya moshi. Kilichomuuma ni kwamba watu kumi walichoma kwa kumsikiliza yeye. Akamchukua binti yake Odeta, mwenye miaka saba, wakatembea hadi ofisi ya kata kumuuliza bwana shamba.

Bwana shamba aliitwa Privatus, kijana wa Muleba, mstaarabu, shati limepigwa pasi. Alikuwa anaandika kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anapepea faili juu ya kichwa chake, ambako kulikuwa na moshi mwembamba kama uzi.

"Karibu mama. Kaa. Mtoto hajambo?"

"Sijambo, shikamoo," akasema Odeta.

Teodora akaeleza habari ya karatasi mbili. Privatus akaweka kalamu chini.

"Mama, ile ya chini haijafutwa. Ile ya chini ndiyo amri. Mstari wake wa mwisho, ule uliofunikwa, unasema 'isipokuwa kwa kibali.' Ile ya juu inakwambia kitu gani kitapewa kibali. Ni miti ya pamba peke yake. Si takataka, si majani, si panya."

"Kwa hiyo ni kusoma zote mbili kwa pamoja."

"Kwa pamoja. Unang'oa, unakusanya, unakuja kuchukua kibali. Halafu unachoma alfajiri kukishapambazuka, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Rundo liwe katikati ya shamba, kuzunguka pote pawe udongo mtupu hatua kumi. Watu watano, ndoo za maji, matawi mabichi. Jirani umemwambia jana yake. Na mkishawasha, hakuna kusema ngoja nikanywe chai nirudi. Mnakaa hapo mpaka mtu aweze kulaza kiganja kwenye majivu."

"Na kama siku hiyo kuna upepo?"

"Mnarudi nyumbani. Pamba ina muda mpaka Septemba, nyumba hazina."

Teodora akayarudia yote kwa sauti, mara mbili, ili yasimtoke njiani. Odeta alikuwa anatazama juu.

"Na wewe ulichoma nini?" akamuuliza bwana shamba.

"Odeta!"

"Mwache mama. Huu ni wa shamba la mfano. Nilikuwa nawaonyesha wakulima namna ya kuchoma, nikasahau kibali."

"Kibali unachukua kwa nani?"

"Kwangu," akasema Privatus, akaendelea kupepea.

Teodora alirudi Mwasengela akapita nyumba kwa nyumba kuyatengua maneno yake. Hakuna aliyemgombeza. Walimwambia, "Basi sawa mama Odeta, umeshasema," wakamkaribisha viazi. Lakini yeye ndipo usingizi ulipomtoka.

Mwezi wa saba akaja Luhende. Alitoka mjini Mwanza na pikapu ya bluu, kofia nyeupe, na mizani mpya iliyofungwa kwenye gunia kama mtoto. Alikuwa mcheshi, anakumbuka majina ya watu na majina ya mbwa wao. Ndiye mnunuzi binafsi wa kwanza kufika upande ule, na hakuna mwingine aliyekuja. Akapewa ghala akodi. Siku ya kwanza aliupaka mlango rangi ya kijani, na kabla ya kupaka alibandua karatasi zote mbili, kwa sababu ziliharibu rangi.

Sasa turudi Jumamosi ile ya makaa matatu.

Saa nane mchana wanakijiji walikuwa mashambani wakimalizia kuchuma. Teodora alikuwa kisimani. Odeta alikuwa amelala ndani kwa homa, amepewa klorokwini, anajikuna na kulia, hatimaye akapitiwa na usingizi. Upepo wa ziwani ulikuwa umeshaamka tangu saa nne na ulikuwa unavuma kwa nguvu zake zote. Luhende alitaka lori lake litakapokuja lipate pa kugeuzia, na kuzunguka ghala kulikuwa na nyasi zinazofika kiunoni. Akatoa kiberiti cha gesi mfukoni.

Moto ulikula nyasi za ghala ukashiba, kisha ukashuka. Ulichukua chumba cha darasa la kwanza, kile cha kuezekwa kwa nyasi, na kwa kuwa ni Jumamosi haukukuta mtu, ulikuta madawati manne na ubao. Ukachukua jiko la Bibi Kokulinda. Ukafika kwenye migomba yake iliyofuata kijito, safu nne za migomba minene ambayo marehemu mumewe, mwalimu, aliileta Mwasengela kwa meli mwaka wa sabini na nne, ikiwa machipukizi ndani ya kapu. Hapo moto ukasimama. Ukatoa sauti kama mafuta yakimwagikiwa maji, ukatembea kushoto, ukatembea kulia, ukakosa njia, ukakaa chini ukafa.

Nyuma ya migomba, hatua thelathini na mbili, ndipo ilipo nyumba ya Teodora. Aliziona hatua hizo baadaye, akazihesabu. Siku hiyo alikuja mbio kutoka kisimani bila ndoo na bila kanga ya juu, akamkuta mwanawe amekaa kitandani anakohoa.

"Mama, nani anapika?"

Teodora akambeba mgongoni, mtoto wa miaka saba, akakaa naye hivyo mpaka jua linashuka.

Watu walipofika na matawi mabichi hakukuwa na cha kupiga. Luhende alikuwa amesimama mbele ya ghala, kofia mkononi, anawapa pole. Juu yake kulikuwa na moshi. Haukuwa wa kuku wala wa mchi. Ulikuwa mpana kama ghala lenyewe, mweusi upande wa chini na wa kijivu kwa juu, na alipoingia kwenye pikapu kwenda Kisesa kununua soda za kuwapoza watu, ulienda naye, ukibaki nyuma kidogo kwenye kona. Akarudi na kreti mbili. Watu wakanywa.

"Nasikia kuna bibi huwa anatembea na moto asubuhi," akasema Luhende, kwa upole, akimfungulia mtu chupa.

"Anatembea nao kila siku," akajibu mwingine, na hilo lilikuwa kweli.

Jumatatu mwenyekiti wa kijiji, Nkwabi, alipita kwa Teodora. Alikataa kiti.

"Kesho kuna mkutano. Nimekuja kukutoa wasiwasi. Makaa yalitoka kwako, lakini wewe hutaguswa. Moto ukishavuka mlango ni wa aliyeubeba."

"Mwenyekiti, yale makaa yalichemsha chai saa moja. Nyasi ziliwaka saa nane."

"Ndiyo."

"Na bibi hana moshi."

"Nimeona."

"Luhende anao."

"Mayu, ule moshi hata kipofu anauona," akasema Nkwabi, akakaa baada ya yote. "Sasa nisikilize. Lori la ushirika hatujaliona misimu miwili. Pamba iko ndani, iko barazani, kwangu iko hadi chini ya kitanda. Huyu akiondoka, tutaipika? Shule inataka paa. Luhende anasema ataleta mabati, yeye anataka tu pa kugeuzia lori. Pale kwenye migomba ya bibi pamekaa vizuri. Kijiji kikipachukua kama fidia, kila mtu anapata."

"Na bibi?"

"Bibi ana kiwanja chake. Simfukuzi mtu."

Teodora akamsindikiza mpaka njiani, kama inavyotakiwa.

Jumanne mkutano ulifanyika mbele ya mlango wa kijani. Jua lilikuwa kali na miti ya pale ilikuwa imeungua, kwa hiyo mwenyekiti alimwomba Luhende akae katikati, na watu wakajipanga kumzunguka ndani ya kivuli cha moshi wake. Kilikuwa kivuli kizuri, baridi kidogo, kinatosha watu mia mbili. Waliochelewa walimwomba asogee kulia, akasogea.

Mwenyekiti alieleza hasara. Akaeleza kwamba Bibi Kokulinda alionekana na moto siku hiyo. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Teodora alisimama. Moshi wake mdogo nao ukainuka, maana ulifanya kila alichofanya.

"Mimi ndiye niliyempa. Makaa matatu, yamefunikwa, upepo umelala. Kila aliyewasha moto wa nje mwaka huu tunamwona hapa. Mimi huyu hapa na wangu. Mzee wa panya yule pale. Basi wa bibi uko wapi?"

Watu wote wakamtazama Bibi Kokulinda. Juu ya kitambaa chake cha kichwa kulikuwa na anga tupu.

"Hana," akasema mtu.

"Hana kabisa," akasema mwingine.

"Iandikwe," akasema mwenyekiti. Katibu akaandika kwenye muhtasari: bibi hana moshi.

"Na huu tuliokalia kivuli chake ni wa nani?" akauliza Teodora.

Luhende mwenyewe akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ni wangu, mama. Siwezi kukataa, uko hapa."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mwenyekiti naye akacheka, kisha akagonga meza.

"Iandikwe pia. Lakini ndugu wananchi, moshi haujaapishwa. Hauna jina kwenye daftari la wakazi. Tukianza kuhukumu kwa moshi, tutafungana wote, nikianza na bwana shamba. Nani anataka mabati?"

Mikono ikanyooka. Teodora alihesabu mikono ya wale kumi waliochoma kwa kumsikiliza yeye. Yote ilikuwa juu. Walimtazama kwa upendo mwingi, na hawakuishusha.

Bibi Kokulinda akaombwa aseme neno. Akajifunga kanga vizuri.

"Mimi nimekuja hapa na kapu la machipukizi, mkanipokea. Nimewazalia ndizi miaka ishirini na miwili, wengine hapa meno yenu yameota kwenye matoke yangu, na wewe Nkwabi ni mmoja. Chukueni. Ila machipukizi nitoe mwenyewe kabla hamjaingiza panga. Na huyo kijana mwambieni asichome tena saa nane. Kuanzia sasa hakuna kitakachousimamisha moto."

"Iandikwe," akasema mwenyekiti. Ikaandikwa.

Migomba ilikatwa Alhamisi. Ilichukua watu sita siku moja na nusu, maana ilikuwa na maji mengi. Mabati yalikuja kumi na mawili. Darasa lilihitaji thelathini, kwa hiyo upande wa mwalimu uliezekwa na upande wa nyuma ukaachwa wazi, na watoto wa nyuma wakajifunza kuangalia mawingu. Odeta alikuwa wa nyuma. Alisema anapapenda.

Pamba ilinunuliwa yote. Watu walinunua baiskeli, redio, vitenge. Mayala alinunua godoro. Ulikuwa mwaka mzuri, hakuna aliyesema vingine.

Siku hiyo ya Alhamisi jioni, Teodora na Bibi Kokulinda walichimba mashimo nyuma ya jiko la Teodora, upande ule moto ulikotoka. Walipanda machipukizi tisa. Bibi alimwonyesha namna ya kuweka samadi na namna ya kumwagia maji ya kuoshea vyombo.

"Yatachukua muda gani kunenepa?" akauliza Teodora.

"Ya kula, mwaka na nusu. Ya kuzuia moto, miaka mitano."

"Mitano!"

"Basi lala macho wazi miaka mitano, mwanangu. Wewe umeshazoea."

Tarehe kumi na mbili Septemba Teodora alichoma miti yake ya pamba. Kibali alikuwa nacho, amekikunja ndani ya kanga. Rundo lilikuwa katikati, udongo mtupu hatua kumi na tano, kwa sababu kumi aliziona chache. Watu watano walikuwepo, na bibi wa sita, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Odeta alikuwa na tawi bichi kubwa kuliko yeye. Teodora alilowesha kidole, akatazama moshi wake, ulikuwa wima. Wakawasha kulipopambazuka. Moto uliwaka palepale ulipowekwa, kama ng'ombe aliyefungwa. Mtu mmoja aliyetaka kwenda kunywa chai aliletewa chai hapohapo. Saa tatu Teodora alilaza kiganja kwenye majivu. Yalikuwa baridi.

Moshi wa moto huo ulipanda, ukaenda, ukapotelea upande wa ziwa kama moshi mwingine wowote. Na ule wake mdogo ukaondoka nao. Teodora alishtukia tu kichwa ni chepesi. Akabaki ameinua uso muda mrefu.

"Umeenda, mama," akasema Odeta.

"Umeenda."

"Ulikuwa mzuri kwa kuangalia upepo."

Mvua za Novemba ziliwashushia waliobaki moshi wao. Moshi uliteremka kama maji meusi, kila mmoja ukamlowesha mwenyewe, watu wakafua, wakasahau. Mzee wa panya aliachana na mbwa. Bwana shamba aliharibikiwa na shati moja. Wa Luhende ulipungua ukawa kama meza, lakini haukushuka. Aliendelea nao kununua pamba msimu uliofuata, na uliofuata tena. Kila Juni, nyasi zikianza kulia, ulikuwa unanenepa wenyewe bila yeye kuwasha kitu, unarudi upana wa ghala, na watu wanaambiana kwamba kiangazi kimeingia.

Ukawa na faida zake. Mikutano yote ya kiangazi ilifanyika chini yake. Wafiwa walimwomba Luhende aje akae msibani, naye alikuwa anakuja, hakuwahi kukataa. Na kwa kuwa ulionekana kutoka kila shamba, ndio uliotumika kupimia upepo. Karatasi mpya zilipokuja, Teodora alizibandika mwenyewe kwenye mlango wa kijani, moja kando ya nyingine ili zisifunikane, na chini yake akaandika kwa kalamu ya mkaa: Moshi wa Luhende ukiinama, usiwashe. Ukisimama, kibali kiko wapi? Luhende alisoma, akasema mwandiko ni mzuri, akauacha.

Nyasi za kuzunguka ghala zimeota tena mpaka kiunoni. Kiberiti cha gesi kiko mfukoni mwake, mfuko wa shati, kinaonekana.

Saa moja kasorobo asubuhi, Bibi Kokulinda anafika mlangoni na vigae vyake viwili. Teodora anampa makaa matatu, anayafunika majivu, anatangulia nje. Wanasimama wote wawili wanatazama upande wa ghala. Kama moshi umeinama, bibi anakaa, anakunywa chai ya Teodora, anasubiri hata saa nzima. Kama umesimama, anaondoka na moto wake, pole pole, kwa njia yake ileile ya siku zote, na akifika pale penye alama za matairi ya lori anazunguka pembeni, kama mtu anayepisha migomba.

Teodora anamtazama mpaka aingie kwake. Kisha anarudi nyuma ya jiko kupima unene wa migomba kwa mkono. Imefika unene wa paja la Odeta.